Mikorosho Iliyoziba Upepo

Nyinyi vijana mliokuja juzi na mikanda mipya ya usalama kiunoni, mliniuliza kama ni kweli niliwahi kupanda mnara wa pangaboi la kuvuta maji bila kamba. Ni kweli, na magoti yangu ndiyo ushahidi. Mlicheka, na mimi ningekuwa na umri wenu ningecheka pia. Halafu mkaniomba niandike kidogo jinsi kazi ya pampu ilivyokuwa, ili muisome kwenye simu mkiwa mnasubiri gari. Basi nimekaa, chai imeshapoa, naandika. Msitegemee maneno ya kutia moyo. Nimestaafu nikiwa nimechoka, na uchovu wenyewe haukuletwa na spana wala mnara. Uliletwa na mama mmoja aitwaye Binti Hashimu na mikorosho yake iliyokuwa karibu na kisima. Kwenda kumwomba aikate ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kutumwa, na nilitumwa zaidi ya mara moja.

Nimefanya kazi ya maji vijijini, Nachingwea na Ruangwa, tangu nikiwa kijana wa kubeba madumu mpaka nikawa naitwa mzee na watu wenye mvi zao. Nimetumikia mabwana watatu: dizeli, upepo na jua. Kila mmoja alipoingia tuliambiwa huyu sasa ndiye wa mwisho, matatizo yamekwisha. Siku hizi nasikia redioni kwamba dunia nzima inaachana na mafuta, kwamba kuna visiwa huko mbali vinawasha taa kwa upepo mtupu, na hapa jirani Ruangwa wageni wanakuja kutafuta kinywe, yale madini meusi, ardhini kwa sababu kinaingia kwenye betri. Vizuri, sipingi. Dizeli nimeimeza, siwezi kuililia.

Nimeimeza kweli, si maneno. Aliyenifundisha kazi, Mzee Chilumba, alikuwa haimimini dizeli kwenye injini mpaka aionje. Anachovya kidole, analamba, anatema pembeni, anatoa hukumu: "Hii imechanganywa na mafuta ya taa." Au: "Hii ina maji, irudishe ilikotoka." Nami ilibidi nijifunze, na chakula changu cha mchana kilikuwa na ladha ya lori kwa miaka mingi. Alinifundisha pia kuisikiliza injini kwa spana ndefu. Ncha moja unaiweka kwenye injini, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, unafumba macho, unasikia beringi inayolia ndani kabla haijavunjika. "Injini haifi ghafla," alikuwa akisema. "Inaaga. Wewe ndiye husikii." Nikikosea alinitukana kwa Kimwera, matusi marefu yenye ukoo mzima ndani yake, halafu ananigawia muhogo wake wa kuchoma.

Ila shida ya dizeli haikuwa injini. Ilikuwa barabara na mpira. Masika yakikolea, udongo mweusi wa njia ya Nambilanje ulikuwa unameza gari mpaka kwenye milango, na vijiji vya ndani vinakaa kama vimezungukwa na bahari. Hakuna kinachoingia, hakuna kinachotoka, na injini imelala kwenye kibanda chake haina hata tone. Na mpira ndio usiseme. Kule Namungo kwa wachimba dhahabu, mechi kubwa ikiwepo, jenereta la banda la kuonyeshea lazima lingurume, litake lisitake. Dizeli ya pampu ilikuwa na miguu. Nakumbuka nilimuuliza mwenyekiti wa kijiji kimoja:

"Mwenyekiti, dumu niliacha limejaa. Dizeli imekwenda wapi?"

"Jua, fundi. Imekauka kwa jua."

"Na jua hilo limefunga mabao mangapi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na ndoo zao tupu hawakucheka, na mimi nikaona aibu kwa kuwa nilikuwa nimeanza kucheka naye.

Ndipo wafadhili wakatuletea upepo. Mnara wa chuma, juu yake gurudumu la mapanga mengi lenye mkia wa bati, na fimbo ndefu inayoshuka mpaka ndani ya kisima kuvuta maji. Watu hawakuhangaika na jina. Waliliita pangaboi, kama lile la darini kwenye ofisi za wakubwa, na watoto walikuwa wakija kukaa chini yake wakidhani litawapuliza. Lilisimikwa kwenye kijiji kimoja cha kata ya Mkotokuyana, nami nikahamishiwa hapo na mke wangu kulitunza. Hapo ndipo ninapoishi mpaka leo.

Kabla ya kulisimika nilipelekwa semina mjini. Nilikaa na fundi mmoja wa Mafia, Bakari, mtu wa maneno mengi na mashati mazuri. Kwao kisiwani, alisema, upepo hauombwi. Kinachowatesa ni chumvi, chuma kinaoza ukikitazama. Nikamwambia kwetu upepo ni mgeni wa heshima: unaamka baada ya chai, unalala magharibi, na kuna miezi hauonekani kabisa. Bakari akanitazama kwa huruma. "Basi kwenu pia ni kisiwa, bwana," akasema, "ila bahari yenu ni miti." Nikacheka. Nilidhani ni uswahili tu wa watu wa pwani.

Kazi ya pangaboi niliipenda, niseme ukweli. Sharti ulipake grisi asubuhi kabla upepo haujaamka, maana ukipanda gurudumu likizunguka utarudi chini na vidole pungufu. Sharti ufunge breki kukiwa na mawingu meusi, hata kama akina mama wanakupigia kelele kwamba tangi halijajaa. Na washa za pampu, zile pete za kubana maji, ni za ngozi. Mara moja zilikatika na mradi ukachelewa kuleta nyingine, nikajitia ujuzi, nikaenda kwa fundi wa ngoma kumwomba kipande cha ngozi. Alinipa ya mbuzi, imewambwa ikalainika vizuri. Pampu ilivuta maji asubuhi, ilipofika adhuhuri ikaanza kucheua kama mtu aliyeshiba uji, na jioni ikatoa hewa tu. Ngozi ya ngoma ni nyembamba, inanyonya maji inalegea. Unataka ya ng'ombe, ya mgongoni, uilaze kwenye mafuta mpaka ishibe. Wiki nzima nilipopita njiani watoto walinipigia ngoma kwa midomo.

Sasa nije kwa Binti Hashimu.

Kwanza muelewe, hasa nyinyi mliotoka mikoa mingine, kwamba kwetu ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Unaweza kulima ufuta wako chini ya mkorosho usio wako, na mwenye mkorosho akaja kuokota korosho zake bila kukupigia hodi. Mti ni wa aliyeupanda na wa anaowarithisha. Eneo la kisima lilitolewa na kijiji. Lakini pembeni yake, upande wa kusini, mjomba wake Binti Hashimu alipanda mikorosho. Alipofariki, shehe alikuwa na maneno yake kuhusu mirathi na wazee wa upande wa mama walikuwa na yao, wakavutana, mwishowe mikorosho ikabaki kwa mpwa, yaani yeye. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Alikuwa na wajukuu aliowalea mwenyewe, na ada zao, sare zao, na chumvi ya nyumbani, vyote vilitoka kwenye miti ile.

Na kwa nini mjomba alipanda pale? Kwa sababu pangaboi halijui kusema tangi limejaa. Likishika upepo linavuta tu, na maji yanayozidi yanamwagika na kutiririka. Mtu wa korosho hawezi kuona maji yanakwenda bure asichomeke mche. Mkulima wa mahali pengine angechimba bustani ya mchicha. Sisi tulichomeka mikorosho. Mzee yule alifuata mkondo wa maji na miche yake, kijiji kizima kikamsifu, na mimi fundi nikamsaidia kuelekeza mfereji. Nami nilipanda yangu michache upande wa kaskazini, ng'ambo ya njia. Miti ikashika, ikanenepa, ikawapa kivuli wanawake kwenye foleni. Nani angelalamika?

Mti haukui kwa kelele. Mwaka wa kwanza gurudumu lilipopungua kasi nilibadilisha grisi. Baadaye nikabadilisha beringi. Baadaye nikafungua pampu yote, nikavuta mabomba juu na vijana wa kijiji, tukakuta kila kitu kizima. Gurudumu likawa linazunguka kidogo, linasita, mkia unageuka huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia. Maneno yakaanza. Mmoja alisema limerogwa na watu wa kijiji cha pili. Mwingine, ambaye alikuwa ameshapata uraka wake, pombe ya mabibo, alisema upepo umenunuliwa na wachimbaji wa Namungo. Wanawake wakarudia kuchimba mchanga kwenye korongo kutafuta maji, wanachota kwa kibuyu, na watoto wakaanza kuharisha.

Nilichofanya mwishowe ni kitu cha kitoto. Nilichana kanga kuukuu ya mke wangu, nikafunga kipande kimoja mnarani usawa wa gurudumu, na kingine kwenye ncha ya mwanzi mrefu niliousimamisha juu zaidi. Upepo wa kusini ulipokuja, cha juu kilinyooka. Cha kwenye gurudumu kilining'inia, kikazunguka, kikajifunga chenyewe. Nikageuka kutazama ule upepo ulikotoka. Nikaona majani mazito ya kijani ya mikorosho ya Binti Hashimu, yamelingana na gurudumu. Nilikaa pale juu muda mrefu, maana nikishuka ingebidi niseme.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Mnara kuurefusha haikuwezekana, misingi yake haikuchimbwa kwa uzito huo. Nikaeleza. Watu wakageuka wote kumtazama Binti Hashimu aliyekuwa amekaa mkekani na wenzake. Hakusimama.

"Fundi, mimi Kiswahili changu cha sokoni," akasema. "Nieleze polepole. Mikorosho yangu imeiba upepo?"

"Haikuiba, mama. Imeuziba tu."

"Na yako je? Ile ng'ambo ya njia mbona haizibi?"

Minong'ono ikapita. Nikamjibu kwamba upepo wetu wa kiangazi unatoka kusini, mikorosho yangu iko nyuma ya pangaboi, hauigusi kabla ya kufika kwenye gurudumu. Ndiyo ilikuwa kweli. Lakini kweli nyingine zina sura mbaya ukizisema mbele za watu, na ile ilikuwa na sura mbaya sana.

"Haya," akasema. "Na wajukuu zangu watakula huo upepo?"

Bwana shamba aliyekuwepo akasema miti isikatwe yote mpaka chini kabisa, ikatwe ibaki visiki, visiki vitachipua, machipukizi yatabebeshwa, yaani yataungwa, vikonyo vya mbegu bora, na baada ya muda vitazaa tena vikiwa vifupi. Ulikuwa ushauri mzuri. Ila "baada ya muda" ni neno jepesi mdomoni mwa mtu ambaye si yeye atakayesubiri.

Mkutano ukakubali, nikatumwa mimi nyumbani kwake kumwomba. Binti Hashimu aliomba kitu kimoja tu, kwamba kwenye kila mti shoka la kwanza apige yeye. Alipita mti hadi mti, akipiga mara moja, anasogea, na wanaume wanafuata nyuma kumalizia. Hakulia. Nilitamani alie, ningejua la kumwambia. Upepo uliofuata ulilizungusha gurudumu mpaka fimbo ikaimba, tangi likajaa likamwagika, wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapewa kuku. Yule kuku hakushuka vizuri.

Miaka ya kusubiri ilikuwa mirefu kwake. Mjukuu wake mkubwa aliacha shule akaenda Namungo kuponda mawe ya dhahabu, na mpaka leo hajarudi kuishi hapa. Sisi wengine tulikunywa maji. Kila mtu alimsalimia kwa heshima zaidi kuliko mwanzo, kana kwamba heshima inasagwa ikapikwa ugali. Lakini visiki vilichipua, vikabebeshwa, na polepole vikaanza kuzaa. Korosho kubwa, nyeupe, daraja la kwanza. Nilipoziona zimeanikwa mbele ya nyumba yake nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana muda wote huo.

Ndipo giaboksi la pangaboi lilipovunjika. Nilitafuta la kubadilisha kila mahali nilipojua, nikaambiwa waliokuwa wakiyatengeneza wameacha. Tukakaa tena na ndoo tupu. Wakaja wahandisi wa sola, vijana kama nyinyi, wapole, wenye adabu. Binti mmoja kati yao aliniamkia akaniuliza kila kitu kuhusu kisima, akaandika, akanishukuru. Sina ubaya nao hata kidogo. Alizunguka siku nzima kuangalia kivuli kinaangukia wapi asubuhi, mchana na jioni, halafu akasema kweli ambayo na nyinyi mnaijua: paneli hazitaki kivuli, hata cha tawi moja, na haziwezi kukaa mbali sana na kisima.

Pa wazi palikuwa mahali pamoja tu, kiwanja cha mpira. Wahandisi wakakitaja. Vijana wakainuka kama wametukaniwa mama zao. Tangu timu ya Namungo iliposikika nchi nzima, hakuna mtoto huku asiyejiona yuko njiani kwenda kuichezea, na kile kiwanja hakiguswi. Basi wahandisi wakaonyesha sehemu mbili nyingine, zote zinafaa sawasawa: ilipo mikorosho ya Binti Hashimu, au ilipo mikorosho yangu.

Binti Hashimu hakuwepo mkutanoni, alikuwa msibani kijiji cha pili. Nilikuwa karibu kustaafu, na kila mmoja alijua mikorosho ile ndiyo niliyoitegemea uzeeni. Hakuna aliyetaka kunivunjia heshima. Ndipo mzee mmoja, mtu mwema, mwenye kuswali safu ya mbele, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Tuchukue kwa Binti Hashimu. Yeye ameshazoea."

Wakaitikia. Ilipita kama vile wamekubaliana siku ya kufagia msikiti. Na kwa kuwa mara ya kwanza nilikwenda mimi, wakasema niende mimi.

Nilimkuta mchana nyuma ya nyumba anamenya mihogo ya kuanika makopa. Nikamwamkia, akanipa kigoda. Nikaanza kueleza habari za jua, kwamba siku hizi dunia nzima inakwenda huko, kwamba halitumii dizeli wala gia, kwamba maji yatakuja mpaka karibu na nyumba. Nilijisikia naongea kama redio. Aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye kivuli, kisu kikasimama.

"Wamekutuma tena."

"Wamenituma, mama."

"Mara ya kwanza ulikuja na upepo. Sasa umekuja na jua." Akainuka kwa kujisukuma na mikono, maana naye magoti yalikuwa yamekwisha. Akaingia ndani, akatoka na shoka, akaniwekea miguuni. "Chukua. Ile siku nilikata mwenyewe. Safari hii kata wewe, fundi. Mimi nimechoka."

Hakusema kwa hasira, na hakusema kwamba amekataa. Angekataa, ningerudi kwa watu na neno la kuwapa. Alikaa tena akaendelea na mihogo yake, na kila kipande alichokata kilikuwa sawa na kilichotangulia. Nilikaa pale nikilitazama lile shoka. Mpini ulikuwa mpya. Niliwaza kwamba amenunua mpini mpya ili akate kuni, na sasa anaambiwa akate nini. Nikasimama, nikamwambia, "Mama, weka shoka lako." Nikaondoka bila hata kuaga vizuri.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Mama Saidi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ile mikorosho yetu si ndiyo kiinua mgongo chetu?"

"Ndiyo."

"Na umeshaamua?"

"Nimeamua."

Nilisubiri anifokee, nilikuwa nastahili. "Basi usiikate mimi nikiwepo," akasema. Kesho yake akapanda pikipiki kwenda kwa dada yake Ruangwa, na hakurudi mpaka kazi ilipokwisha. Hajawahi kunilaumu. Ila msimu wa korosho ukifika, magunia ya wenzetu yakipita njiani kwenda ghalani, huwa anaingia ndani na kujipa kazi yoyote.

Msinipigie makofi kwa hilo. Sikufanya kwa ushujaa. Sikuwa na nguvu za kumtazama yule mama na shoka mara ya pili, ndivyo ilivyokuwa. Na sikuacha visiki vya kubebeshwa, maana paneli hukaa chini na kisiki kikichipua kitazitia kivuli. Niling'oa mpaka mizizi.

Siku ya pili baada ya kukata, nilikuwa nimekaa juu ya gogo, nimetulia tu, sina la kufanya. Binti Hashimu akaja kwa njia ya kisimani na ndoo tupu. Watu wengine walikuwa wamepita wakinishukuru, wengine wakiniona mjinga, wengine vyote viwili. Yeye akatua ndoo. Akatazama yale mashimo yaliyobaki, moja baada ya jingine, kama mtu anayehesabu kuku wake jioni. Niliwaza sasa atanishukuru, na nikawa natafuta jibu la unyenyekevu.

"Pole," akasema.

"Nimeshapoa, mama."

"Hujapoa. Bado." Akakaa kwenye gogo la pili, akavuta pumzi. "Nikwambie kitu. Usipite hapa asubuhi. Asubuhi ndiyo mbaya, maana mtu unatoka umesahau. Mimi ile yangu ilipokatwa nilikuwa napita nyuma ya msikiti. Mpaka visiki vilipochipua ndio nikarudi njia hii."

Nyuma ya msikiti ni mzunguko mrefu, kuna mteremko na kuna miiba. Miaka yote ile nilimwona akipita kule na ndoo kichwani, na nilijua sababu: nilijua ana hasira na mimi, hataki kupita karibu na pangaboi langu. Nikawa najitetea moyoni kila nikimwona. Kumbe mama wa watu hakuwa na habari na mimi hata kidogo. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameshainuka, ameshika ndoo, ananiuliza maji ya sola yataanza kutoka lini.

Yalianza, na yanatoka mpaka leo. Mmeiona wenyewe mitambo, ni mizuri, haina kelele, haionjwi kwa ulimi. Ila niwape moja la kazi kabla sijafunga simu: msimu wa ubwiri unga, ule ugonjwa wa majani na maua, watu wanapopuliza salfa kwenye mikorosho, wanapuliza alfajiri wakati umande ungali kwenye majani, ili unga ushike. Umande huo huo uko kwenye paneli zenu. Jua likitoka mtakuta zimekuwa za njano, na pampu inavuta kwa kwikwi. Msizisugue kwa mchanga na majivu kama sufuria. Mlinzi wetu wa kwanza alifanya hivyo, akazikwaruza, akajisifu kwamba zinang'aa. Maji mengi, kitambaa laini, kabla jua halijapata moto. Salfa inayotuangukia sisi inatoka kwenye mikorosho ya Binti Hashimu, na msimu ukiwadia mimi ndiye ninayekwenda kuifuta, ingawa nimeshastaafu na hakuna anayenituma.

Ni kazi ya asubuhi, haina namna. Natoka na ndoo yangu na kitambaa, magoti yanalia, na pale njia inapogawanyika nafuata ile ya nyuma ya msikiti, nazunguka, natokea upande wa pili ambako paneli zimeshaziba pale ilipokuwa mikorosho yangu.